Yungiyungi msimu wa pili majani tu, ua hakuna: ni baridi, maji au mbolea? (Arusha na Moshi)

#1 njiro_kijani
Wakuu, salaam. Naomba tujadili hili kwa undani, maana ukiuliza mtaani jibu ni "ongeza samadi", basi.

Yungiyungi zangu ni lili za orientali (kundi lenye asili ya Japani), zile za waridi zenye madoadoa, ukingo mweupe na harufu kali (Stargazer). Vitunguu vyake vya ardhini ni saizi 16/18, tuta liko Njiro, jua la asubuhi mpaka saa nane mchana. Udongo wetu mweusi umechanganywa na moramu. Msimu wa kwanza kila shina lilitoa matumba manne hadi sita. Vitunguu vikaachwa ardhini, masika ikapita juu yake. Msimu wa pili mashina mafupi, majani mengi, tumba hata moja hakuna. Tena majani yana ncha za kahawia.

Maji ni ya kisima. Mbolea ni samadi iliyooza, ndoo moja kwa mita ya mraba, pamoja na fosfeti kwenye shimo wakati wa kupanda.

Dai langu: baridi ya Arusha haiyatoshi haya maua. Anayepinga alete hoja.

#2 chalii_wa_themi
Baridi ya Julai haitoshi? Arif, watu tunalala na soksi.

#3 mzee_wa_kitalu
#2, soksi zako hazihusiki. Mjini hapa, kama mita 1,400 juu ya bahari, usiku wa Julai unashuka mpaka nyuzi 12 au 13. Kitunguu cha orientali kinataka nyuzi 2 hadi 5, wiki nane hadi kumi mfululizo, kikiwa kwenye unyevu. Mizizi ya ukoo wake ni Lilium auratum na Lilium speciosum, zote za Japani, ambako baridi haibahatishi. Lili za kundi la Kiasia zinaridhika na wiki sita hivi.

Vitunguu vinavyotoka Uholanzi vimeshapewa baridi yake kabla hujavinunua, na vya kukaa muda mrefu huhifadhiwa kwenye nyuzi 1 hadi 2 chini ya sifuri. Ndiyo maana msimu wa kwanza hata mtu wa Kahe, kule bondeni kwenye joto, atapata ua. Msimu wa pili ni juu yako.

Namna ya kufanya kwa friji ya nyumbani: subiri majani yawe ya njano theluthi mbili. Chimba kwa uma, ukianzia sentimita 20 kutoka kwenye shina, usivute. Usikate mizizi ya chini ya kitunguu, ile ni mali. Osha, ng'oa magamba yaliyooza, kisha chovya kwenye mankozebu (dawa ya ukungu) gramu 2.5 kwa lita kwa nusu saa. Anika kivulini saa mbili tatu tu, maana kitunguu cha lili hakina ganda la nje kama cha kupikia na hukauka haraka. Funga kwenye vumbi la mbao au makapi ya nazi yenye unyevu kiasi kwamba ukikamua kwa nguvu halidondoki tone. Mfuko utoboe matundu, weka droo ya chini, andika tarehe. Friza hapana. Friza ya nyumbani ni nyuzi 18 chini ya sifuri, utatoa uji.

Na matunda yatoke humo. Ndizi, parachichi na tufaha zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na hiyo huharibu tumba likiwa bado halijaonekana.

#4 Mangi_Mrututu
Wiki nane ndani ya friji ya nyama na maziwa? Mama watoto atakufukuza wewe na vitunguu vyako. Wiki mbili zinatosha. Halafu achana na mankozebu, chovya mrututu, ile dawa ya shaba. Wazee wa Kibosho wametunza kahawa kwa mrututu toka enzi na enzi.

#5 mzee_wa_kitalu
Mangi, wiki mbili ni kupoteza nafasi ya friji. Ukikatisha baridi njiani kisha ukapanda kwenye udongo wa nyuzi 21 na kuendelea, hata hicho kidogo kitunguu kilichopata kinaweza kufutika. Kuhusu mrututu, kahawa ni mti, una gome. Gamba la lili ni nyama tupu, shaba kali inaliunguza. Kama huna mankozebu, bora uoshe tu kwa maji safi.

#6 Udongo_Mweusi
Mnakimbilia friji kabla ya kutazama kitunguu chenyewe. Mleta mada, fukua kimoja, chukua futi kamba ya fundi cherehani, pima mzingo. Hiyo 16/18 maana yake ni sentimita za mzingo. Orientali ikishuka chini ya 10 au 12 haina nguvu ya kutoa ua, uipe baridi au usiipe.

Na jibu swali hili: shina mlilikata wapi msimu wa kwanza?

#7 njiro_kijani
Vimefukuliwa viwili. Kimoja kina mzingo wa sentimita 9 na watoto wawili pembeni. Cha pili ni 14, kigumu, kizima kabisa. Mashina yalikatwa sentimita kama 10 kutoka ardhini, maua yalienda kwenye chombo cha maua cha kanisani.

#8 Udongo_Mweusi
Kesi imeisha kwa kile cha kwanza. Maua yalikwenda madhabahuni, kitunguu kikabaki na njaa. Majani ndiyo yanayorudisha akiba. Ukikata ua la kuweka chomboni, acha angalau theluthi ya shina na majani yake, nusu ni bora zaidi. Ukitaka kitunguu kinenepe kweli, kata vichwa vilivyonyauka peke yake, shina libaki mpaka likauke lenyewe. Katika kipindi hicho usisimamishe maji ghafla.

Mbolea pia: samadi ndoo nzima inasukuma majani. Punguza nitrojeni, ilingane na potasiamu. Kijiko cha chakula cha NPK 17:17:17 kwa mita ya mraba chipukizi likifika urefu wa kiganja, kingine tumba likionekana, tosha.

#9 chalii_wa_themi
Na kile cha sentimita 14 je? Kigumu, kizima, na ua hakuna.

#10 mzee_wa_kitalu
#9 leo umeongea. Hicho ndicho cha baridi.

#11 Nusulita
Samahani, hakuna aliyegusa zile ncha za kahawia. Kisima cha Arusha, ncha zimeungua, fosfeti kwenye shimo. Hapo nasoma floraidi mara mbili.

Maji ya chini ya ardhi kuzunguka Meru yana floraidi nyingi, kila mtu hapa anajua, tazama meno yetu ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kwa binadamu. Mimea nyeti huungua hata kwenye 1, na lili ni mojawapo, pamoja na drasena na ile mimea ya buibui ya barazani. Floraidi hupanda na maji, haina pa kutokea, inajikusanya kwenye ncha na kingo za jani. Hapo ndipo panapokauka.

Sasa ongeza fosfeti. Mwamba wa fosfeti, uwe wa Minjingu kule Manyara au wa ng'ambo, huja na floraidi kwa asili yake, na superfosfeti inayotengenezwa kutoka kwenye mwamba huo inabaki nayo. Kwa mahindi hakuna shida. Kwa lili usiweke kabisa. Fosforasi ipate kwenye mboji.

Jani lililoungua halitengenezi chakula, kitunguu kinasinyaa, ua linakosekana. Kwa hiyo kabla ya friji, badilisha maji. Mvua ya masika ikingwe kwenye tanki, inatosha tuta dogo mpaka Agosti.

#12 mzee_wa_kitalu
Nusulita, ncha za orientali kuungua ni upungufu wa kalsiamu, jambo linalojulikana sana kwa Stargazer hasa. Vitunguu vikubwa ndivyo huathirika zaidi, kwa sababu jani linakua haraka kuliko mizizi inavyoleta. Kalsiamu husafiri na maji yanayopumuliwa na jani. Kukiwa na mawingu na unyevunyevu wiki nzima, jani halipumui, changa lililofungwa juu halipati kitu, linakufa ukingoni. Tiba: nafasi ya sentimita 25 kati ya shina na shina ili hewa ipite, na kunyunyizia kalsiamu nitrati nyepesi asubuhi juu ya kichwa cha chipukizi kabla matumba hayajatoka.

#13 Nusulita
Kalsiamu huumiza majani ya juu, machanga, yale yanayozunguka matumba. Mleta mada, yaliyoungua ni yapi?

#14 njiro_kijani
Ya katikati kushuka chini. Machache ya juu pia.

#15 chalii_wa_themi
Hahaha. Kila mtu kapewa kipande chake.

#16 tumba_la_meru
Tatizo la ushauri wa floraidi liko hapa. Dawa inayoandikwa siku zote ni kupandisha pH ya udongo (kipimo cha uchachu wake) mpaka 6.5 au 7 kwa chokaa, ili floraidi ishikwe na kalsiamu isiingie kwenye mizizi. Kwa lili za Kiasia na zile nyeupe ndefu, sawa. Orientali hupenda 5.5 hadi 6.5. Na maji ya visima vyetu vingi yana magadi, yanapandisha pH yenyewe bila kuombwa. Ukiongeza chokaa, majani machanga yatakuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani, hapo chuma kimefungwa. Umehama tatizo moja ukaingia lingine.

Nisingegusa chokaa wala majivu kabla ya kupima udongo. TARI Selian, kituo cha utafiti wa kilimo, wako hapo hapo Arusha.

#17 Nusulita
Nakubali kuhusu majivu. Ndiyo sababu nilisema maji ya mvua, sikusema chokaa. Kuna pia chujio la mkaa wa mifupa, wale wa Ngurdoto wamelifanyia kazi miaka mingi kwa maji ya kunywa, lakini kumwagilia maua kwa maji hayo ni anasa.

#18 Mangi_Mrututu
Maganda ya mayai je? Kalsiamu hiyo, bure.

#19 tumba_la_meru
Yanaoza polepole mno, na kwenye udongo wenye pH ya 7 kwenda juu ni karibu hayaozi kabisa. Wape kuku wayale.

#20 Bibi_Matandazo
Wanangu, mmesahau jua. Juni mpaka Agosti upande wetu huu wa Meru mawingu yanakaa mpaka adhuhuri. Mleta mada anasema jua ni la asubuhi mpaka saa nane. Toa hizo saa za mawingu, linabaki jua la saa mbili tatu. Lili ikikosa mwanga tumba linakuwa jeupe likiwa na sentimita moja au mbili, linadondoka, na usipopita bustanini kila siku utaapa halikuwahi kuwepo. Za Kiasia ndizo mbaya zaidi kwa hilo.

Kagueni ncha ya shina. Kama kuna vikonyo vidogo vilivyokauka, tumba lilikuja likafa. Kama ncha ni laini kabisa, halikuja. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na hapa yanatibiwa kama moja.

#21 mzee_wa_kitalu
Shikamoo bibi. Hoja nzuri. Ila ukipanda kipindi cha jua kali, Januari au Februari, udongo unachemka wiki zile za kwanza ambazo mizizi ya shina inataka nyuzi 12 hadi 15. Kalenda niipendayo ni hii: fukua kabla ya masika, vitunguu vikae friji Machi mpaka mwisho wa Mei wakati nje ni tope, panda mwanzo wa Juni. Tumba linakuja Agosti kwenda Septemba, mawingu yanapoanza kufunguka. Kuviacha ardhini masika yote kwenye udongo mzito ndiko kunakoleta fuzariamu, ukungu wa kuozesha: chini ya kitunguu panakuwa kahawia, magamba yanachomoka moja moja kwa kuguswa.

#22 Bibi_Matandazo
Marahaba. Usipoweza kufukua, panda kwenye mwinuko. Tuta la sentimita 25 juu ya njia, moramu ndogo theluthi moja, mboji theluthi moja, udongo theluthi moja. Juu ya kichwa cha kitunguu ziwe sentimita 12 hadi 15 za udongo, siyo 5 kama mnavyopanda vitunguu vya mboga, kwa sababu lili ina mizizi ya aina mbili: ya chini inashikilia, ya kwenye shina juu ya kitunguu ndiyo inayolisha. Ukipanda juujuu unainyima ile ya pili, nayo ni sababu nyingine ya kukosa ua ambayo hamjaitaja. Kisha matandazo ya maganda ya kahawa au pumba za mpunga, unene wa vidole vitatu, yasiguse shina.

#23 DadaShantyTown
Jamani, sisi Moshi hatuna friji ya maua wala tanki, lili nyeupe zinatoa maua mwaka mzima karibu na bomba la kufulia. Watu wa Arusha mna mambo mengi.

#24 tumba_la_meru
Dada, jani ni pana lenye umbo la mshale? Na ua ni kipande kimoja cheupe kilichojikunja kuzunguka mchi wa njano?

#25 DadaShantyTown
Ndiyo.

#26 tumba_la_meru
Hiyo ni kala, Zantedeschia, asili yake kusini mwa Afrika, inapenda miguu majini. Haina kitunguu cha magamba na haihitaji baridi. Amarilisi nyekundu ya bomba nene lisilo na majani kwenye shina nayo siyo lili, wala lile tufe jekundu linalochomoza lenyewe mvua zikianza. Lili yenyewe ina shina moja lenye majani kuanzia chini mpaka juu, petali sita, na kitunguu cha magamba yasiyo na ganda.

#27 DadaShantyTown
Sawa mwalimu. Yangu inatoa maua. Ya mleta mada je?

#28 chalii_wa_themi
Goli hilo.

#29 Udongo_Mweusi
Kwa Moshi mjini, mita kama 800 na kitu, orientali ni kujitesa. Joto linafanya shina fupi na matumba mawili. Anayetaka lili ya kweli huko atafute longiflorum, ile nyeupe ndefu ya visiwa vya kusini mwa Japani, au formosanum ya Taiwan. Formosanum ina raha yake: inapandwa kwa mbegu, na ikilishwa vizuri inatoa ua kabla ya mwaka kuisha. Mbegu zifunikwe kidogo tu, nusu sentimita. Marangu na Machame juu huko, panda unachotaka.

#30 Nusulita
Kwa longiflorum kuna njia nyingine ya kukwepa friji. Siku ndefu hufidia baridi iliyopungua. Sisi tuko nyuzi 3 kusini ya ikweta, siku yetu ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima, kwa hiyo mmea haupati hiyo fidia. Washa taa juu ya tuta saa nne usiku mpaka saa nane, kuanzia chipukizi linapotoka ardhini, siku moja ya taa kwa kila siku ya baridi iliyokosekana.

#31 Mangi_Mrututu
Kwa umeme wa LUKU ya nani?

#32 mzee_wa_kitalu
Na ni longiflorum tu. Orientali usiitegemee taa, itakulia umeme bure.

Kuna aliyenitumia ujumbe pembeni akisema ua la mwaka wa kwanza lilikuwa "limeshaundwa Uholanzi". Hapana. Tulipu ndiyo inayolala na ua lake ndani. Longiflorum huanza kuunda tumba baada ya chipukizi kutokeza ardhini. Kitunguu kinachokuja nacho ni akiba na baridi iliyokwisha kuhesabiwa.

#33 kwaya_ya_pili
Naomba kutoka nje ya mada kidogo. Doa la ile chavua ya rangi ya kutu kwenye kitambaa cheupe linatokaje?

#34 Bibi_Matandazo
Usiguse kwa maji wala kidole. Acha ikauke, ibandue kwa selotepu, kilichobaki anika juani. Safari ijayo ng'oa vile vichwa vya chavua asubuhi ua linapofunguka, kabla havijapasuka. Ua nalo hudumu zaidi.

Na kama nyumbani kuna paka, lili usiingize ndani kabisa. Jani, chavua, hata maji ya chombo chake yanaua figo za paka. Kala ya dada wa Shanty Town haifanyi hivyo, yenyewe inawasha mdomo na kutoa udenda, lakini watoto wasiitafune.

#35 tumba_la_meru
Kabla hatujafunga kwenye baridi na maji: virusi. Mashina mafupi msimu wa pili, majani yenye michirizi ya kijani hafifu au yaliyojikunja, hiyo ni mozaiki, inaletwa na vidukari. Mleta mada, tuta liko karibu na matango au maboga? Virusi vya mozaiki ya tango vinaingia kwenye lili pia. Shina lenye michirizi haliponi, ling'olewe na kitunguu chake lichomwe, na kisu kioshwe kabla ya kukata lingine.

#36 njiro_kijani
Maboga yapo ng'ambo ya uzio, kama mita nne. Michirizi ipo kwenye shina moja kati ya manane. Ncha za mashina, kwa swali la bibi: matano laini kabisa, matatu yana vikonyo vikavu.

#37 chalii_wa_themi
Basi kila mtu ameshinda.

#38 Udongo_Mweusi
Hakuna aliyeshinda. Vitunguu vinane, gawa. Vyenye mzingo wa 12 na zaidi viwili viwili: friji na maji ya mvua, friji na maji ya kisima, ardhini na maji ya mvua. Fosfeti kwote isiwekwe. Vidogo vipandwe kitaluni vinenepe.

#39 Nusulita
Viwili viwili havitakuambia kitu, kimoja kikioza umebaki na bahati. Ongeza vingine kwa magamba: bandua magamba manne ya nje kwa kila kitunguu kizima, yatie kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya mfuko, nyuzi 20 hadi 25, wiki sita hadi nane. Kila gamba litatoa kijitunguu kimoja au viwili chini yake. Ua lake ni baada ya miaka miwili au mitatu, lakini vyote vitakuwa vya mama mmoja na ulinganisho utakuwa wa haki. Usichukue kwenye lile shina lenye michirizi, virusi vitahamia kwa watoto.

#40 mzee_wa_kitalu
Ukitaka kuagiza vipya kutoka nje, omba kibali cha kuingiza mimea TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kwanza na mzigo uje na cheti cha afya ya mimea. Bila hivyo unaweza kuishia mpakani.

#41 Mangi_Mrututu
Na fuko mmemsahau. Anakula kitunguu chote, anakuachia shina limesimama, unakaa unalihesabia floraidi.

#42 Bibi_Matandazo
Mangi leo kanena. Waya wa tundu za nusu inchi, tengeneza kikapu cha kina cha sentimita 30, weka chini na pembeni, juu acha wazi, panda ndani yake. Wa mabati, usio na zinki hautamaliza misimu miwili.

#43 njiro_kijani
Asanteni. Nani ana kipimo cha pH cha kuazimisha, Njiro au Sakina?